Mashini Iliyoonekana Lac Vert

Jumatano ile sekreteri wetu alifungua kabati ya chuma, akaingiza mkono hadi begani, akautoa mtupu. Akainama, akatazama chini ya kabati, kisha akasimama akitutazama sisi wengine kana kwamba mmoja wetu ameificha kwa mzaha.

"Mashini haiko," alisema.

Ofisi yetu iko mtaa wa Katindo, mjini Goma, vyumba vinne nyuma ya kanisa, na kazi yake ni kusimamia shule za kanisa za mjini na za kandokando. Mimi nilifundisha darasa la sita kwa miaka mingi, na nilipostaafu nilipewa kazi ya katekista: kutunza madaftari ya shule na ya ubatizo, na kuongoza sala ya asubuhi. Ni kazi ndogo, nami namshukuru Mungu kwa ajili yake, kwa kuwa wazee wengi wa rika langu wanaamka asubuhi na hakuna mtu anayewangoja popote.

Mashini hiyo, kompyuta ya sekreteri, ilikuwa na orodha ya watoto wote wa darasa la sita waliopaswa kuandikishwa kwa mtihani wa serikali. Orodha ile ilikuwa tabu kuikusanya, kwa sababu familia nyingi zilihama, zikarudi, zikahama tena, na mtoto mmoja unaweza kumkuta ameandikwa katika shule tatu. Ilitakiwa kufikishwa serikalini wiki iliyofuata. Ndiyo maana mkurugenzi wetu, ambaye kwa kawaida ni mtu mpole, alipandisha sauti siku ile.

Funguo za kabati zilikuwa mbili. Mmoja ulikuwa kwa sekreteri. Wa pili alipewa mama anayefagia ofisi, kwa kuwa humo pia tuliweka sabuni na vitambaa vyake.

Mama huyu ni mjane kutoka kijiji cha Kibumba. Vita vilimtoa huko na watoto wawili, akaishi kambini chini ya hema, na kambi zilipobomolewa akaenda Lac Vert, pembeni mwa mji, kwa dada yake aliyeolewa. Shemeji yake alimpa chumba kimoja nyuma ya nyumba. Ni mtu wa haki, lakini mkali, na alimpokea kwa sharti moja ambalo mama mwenyewe alitusimulia siku moja akicheka: asilete aibu katika ua wake. Siku ile ya Jumatano hakucheka.

"Funguo ni mbili," mkurugenzi alimwambia. "Moja iko na sekreteri, moja uko nayo wewe. Sasa mashini ilipitia dirishani?"

"Shefu, miye naingiaka na fagio, natokaka na fagio. Muulize hata huyu muzee, ye njo anafungaka mlango."

"Sekreteri anasema aliiweka kabatini jana."

"Niliiweka," sekreteri alisema. "Kama kila siku."

Hapo nikasema neno ambalo bado linanichoma. Nililisema kwa sauti ya upole, nikidhani ninamsaidia. "Mwanangu, kama Shetani alikujaribu, sema tu. Una watoto, maisha ni magumu, tunaelewa. Mungu hachoki kusamehe, na sisi tutasamehe."

Alinitazama usoni. Machozi hayakuwapo.

"Papa, wewe njo unatufundishaka kama uongo ni dhambi. Leo unataka niseme uongo ili mioyo yenu ipoe?"

Niliinamisha kichwa, na nadhani wote waliona kwamba mzee anasali. Sikuwa nasali. Nilikuwa nimekasirika kidogo kwamba huruma yangu imekataliwa.

Mkurugenzi alisema atangoja hadi Ijumaa, na baada ya hapo atapeleka jambo hili polisi. Mwalimu mmoja kutoka Lac Vert alikuwa amekuja kuchukua chaki, akasikia yote akiwa mlangoni. Jioni mama alipofika nyumbani, habari ilikuwa imemtangulia. Shemeji alimwambia, mbele ya watoto, kwamba Jumapili awe amepata pahali pengine pa kulala.

Haya alituambia Alhamisi asubuhi, akiwa ameshika ndoo yake ya maji. Alikuwa amekuja kazini kama kawaida. Nilishangaa, kisha nikaona aibu kwa kushangaa kwangu.

Siku hiyohiyo mkurugenzi alimwita fundi wa mtandao. Ni binti wa wafanyabiashara wa Butembo, hajafika miaka thelathini, na ndiye aliyetuwekea wifi ofisini na katika shule zetu. Aliuwekea mtandao jina moja na neno la siri moja kila mahali, ili mkaguzi akienda shule yoyote kompyuta yake iingie yenyewe bila kusumbua watu. Aliketi mezani pa sekreteri, akafungua kompyuta yake, nami nikasogeza kiti.

"Sogea tu, muzee, haiumi," alisema.

"Unatafuta nini humo?"

"Natafuta nyayo. Kila mashini iko na numero yake. Kiwanda kinaipa siku inazaliwa. Unaweza kuibadilisha jina, unaweza kufuta kila kitu, lakini ile numero inabaki."

"Kama namba ya ubatizo katika daftari."

"Njo vile! Na hiki kisanduku cha wifi njo katekista. Mashini ikiingia, kinaandika ni nani na saa ngapi. Ikitoka, kinaandika."

"Basi kinanishinda. Mimi wanaotoka kanisani kabla ya baraka siwaandiki."

Alicheka kwa sauti, na ilikuwa mara ya kwanza kusikia kicheko ofisini tangu juzi yake. Kisha akatuonyesha mistari. Kila siku saa mbili kasoro, numero moja iliingia kwenye kisanduku cha chumba hiki na kutoka jioni. Hiyo ndiyo kompyuta ya sekreteri. Siku ya Jumanne iliingia saa mbili na dakika tano, ikatoka saa nne asubuhi. Haikurudi tena.

"Saa nne?" sekreteri alisema. "Jioni, siyo saa nne. Niliiweka kabatini jioni."

"Kisanduku hakisahau, papa. Saa nne ilitoka hapa."

Mama alikuwa anapangusa vioo vya dirisha. Mkono wake ulisimama.

Fundi aliandika ile numero mahali pengine, akatafuta katika visanduku vya shule. Alipita shule moja, nyingine, nyingine. Nilikuwa nimezoea kutafuta hivyo, kidole juu ya ukurasa, mtoto aliyebatizwa parokia ambayo wazazi wake hawaikumbuki, kwa hiyo nilimfuata bila uchovu. Halafu akasema, "Iko hapa."

Sote tulisogea.

"Jumanne, saa tano kasoro dakika kumi. Iliingia kwenye kisanduku cha shule ya Lac Vert. Ikatoka saa sita na nusu. Kuanzia pale, kimya."

Mkurugenzi aligeuka, akamtazama mama aliyekuwa dirishani, na sisi wote tukageuka pamoja naye. Ofisi nzima ilijua anakoishi.

"Jumanne nilikuwa hapa mpaka saa tisa," mama alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Mulikuwa munaniona. Nilifua mapazia."

"Ungeweza kumpa mutu," mkurugenzi alisema.

"Nimpe nani, shefu? Nani?"

"Ngojeni," fundi alisema. Alikuwa bado anasoma mistari yake. "Hii mashini hakuna mutu aliifungua. Kama mutu angeitumia, ningeona inaenda huku na huku, inatafuta barua, inatafuta mambo. Hapa iligusa mtandao na kunyamaza. Inagusa, inanyamaza. Inafanyaka hivi ikiwa haikuzimwa. Ilifungwa kifuniko tu, ikalala. Ikipitishwa karibu na wifi inayoijua, inaingia yenyewe ndotoni, mpaka moto wa betri uishe." Akainua macho. "Kuna mutu wa ofisi alienda Lac Vert Jumanne, karibu saa tano?"

Sitaandika hapa kwamba nilijibu mara moja. Sikujibu. Nilikuwa nimejua tangu aliposema saa tano kasoro dakika kumi, na niliacha maneno yake yote yapite, na macho yote yabaki kwa mama, huku nikitafuta moyoni njia nyingine ya kuielewa saa ile. Kwa muda wa kusema Baba Yetu moja polepole, nilimwacha mjane asimame peke yake. Mungu anajua urefu wake, nami naujua.

Jumanne nilikuwa Lac Vert. Mwalimu mmoja wa shule ile alikuwa amefariki baada ya kuugua, akazikwa Jumatatu, na mimi nilitumwa kupeleka pole ya ofisi. Nyumba ya matanga imepakana na ua wa shule. Nilifika na pikipiki kabla tu ya saa tano, nikasali na familia, nikaacha mfuko wetu, nikarudi.

Lazima nieleze juu ya mifuko. Parokia yetu ilipoadhimisha jubilei, kitenge kilichapwa, kila mtu akashona. Vilipobaki vipande, akina mama wa chama chao walishona mifuko, na ofisi ikachukua kumi na miwili. Tangu hapo kila kitu chetu kinakaa katika mfuko wa jubilei: chaki, vitabu vya nyimbo, fomu, chakula cha mchana. Inaning'inia ukutani kwenye misumari karibu na mlango, yote ya bluu na njano, yote sawa. Na sekreteri, kama watu wengi wa Goma wenye akili, hakubeba kompyuta yake katika mfuko wa kompyuta. Mfuko ule unawaita wezi kwa jina. Aliiweka katika mfuko wa jubilei, ili anayemwona njiani adhani ni mtu wa kwaya na vitabu vyake.

Niliinuka nikaenda mlangoni. Nilishusha mfuko wa kwanza: fomu. Wa pili: vitabu. Wa tatu ulikuwa mzito na bapa, na kabla ya kuufungua nilisikia harufu ya sabuni. Ndani kulikuwa na kitenge kilichokunjwa, miche mitatu ya sabuni, na barua ya pole niliyoiandika kwa mkono wangu.

Nikaupeleka mezani, nikauweka mbele ya fundi.

"Ni mimi," nilisema. "Hii ndiyo zawadi ya matanga. Kompyuta niliipeleka mimi."

Sekreteri alijishika kichwa. Sasa alikumbuka. Jumanne saa nne kasoro aliitwa kwa haraka na mkurugenzi, akafunga kifuniko, akaitia mashini mfukoni, akaitundika msumarini akidhani ni kwa dakika mbili. Toka hapo alitumwa serikalini na hakurudi ofisini hadi kesho yake. Kabati aliitaja kwa mazoea tu, kwa sababu kila siku ni kabati.

Mama aliweka kitambaa chake chini. "Papa," aliniuliza, "haukusikia uzito?"

"Nilisikia. Nikasema moyoni, ofisi imekuwa na mkono mkubwa mara hii."

Fundi aliuma midomo ili asicheke. Mama hakucheka.

Mchana tulikwenda Lac Vert, mimi, fundi na mama. Mama alisema anataka kuona kwa macho yake, na hakuna aliyethubutu kumwambia abaki. Nyumbani kwa marehemu tulimkuta bibi yake mzaa mama ameketi juu ya mkeka pamoja na wanawake wengine. Ni mzee kuliko mimi kwa miaka mingi, na ndiye msemaji wa ukoo. Nilimweleza shida yetu huku nimeshika mfuko wenye sabuni mapajani kama mtoto aliyetumwa dukani.

Alisikiliza hadi mwisho. "Basi, papa, mulituletea mashini. Muliona marehemu wetu atahitaji kuandika barua huko aliko?"

Wanawake walicheka, na mjane wa marehemu mwenyewe akatabasamu kidogo, akafunika uso kwa kitenge.

"Tulikosea, mama mzee. Ninaomba radhi."

"Radhi unayo. Lakini kuna neno. Kwetu, vitu vya matanga havifunguliwi mpaka siku ya kumaliza kilio. Viko chumbani, vyote vimefungwa, hakuna mukono umegusa. Tunamaliza Jumamosi."

Nilikuwa tayari kungoja Jumamosi. Umri umenifundisha kungoja, na desturi ya nyumba ya msiba si kitu cha kukanyaga kwa sababu ya ofisi. Lakini mama alipiga magoti mbele ya bibi, akasema kwa sauti ya chini, "Mama mzee, kwa ajili ya ule mufuko wananiita mwizi. Nimepewa mpaka Jumapili kutoka nyumbani."

Bibi alimtazama, kisha akanitazama mimi, na ule mzaha ukatoka usoni mwake.

"Wewe unaitwa mwizi kwa mufuko aliobeba huyu?"

"Ndiyo."

"Mungu wangu." Akageuka kwa wanawake. "Mulete ile mifuko ya bluu na njano. Hatufungui zawadi. Tunarudisha kitu ambacho hakikuwa zawadi."

Waliileta mitatu, kwa kuwa watu wengine wa parokia pia walikuwa wameleta yao. Mama mwenyewe alipapasa kwa nje, mmoja baada ya mwingine, bila kufungua, na kwenye wa pili akasimama. Kompyuta ilikuwa humo, imekufa betri, haina mkwaruzo. Fundi aligeuza upande wa chini, akalinganisha numero na aliyoiandika kwenye karatasi, akatikisa kichwa kukubali. Nikaacha mfuko wa sabuni mahali pake, tukasali, tukaaga.

Njiani kwenda kutafuta pikipiki nilimwambia mama kwamba kesho, kabla ya sala ya asubuhi, nitamwomba msamaha.

"Kabla?" alisema. "Hapana, papa. Ndani ya sala. Pale ambapo wote wanasikia na hakuna anayetoka."

Nikafanya hivyo. Ijumaa, baada ya somo, mahali ambapo kwa kawaida natoa mafundisho mafupi, nilisema kwamba nilibeba mali ya ofisi bila kutazama, kwamba nilimshauri mtu asiye na kosa akiri kosa, na kwamba nilipojua ukweli nilinyamaza kwa muda kabla ya kuusema. Hili la mwisho hawakulijua. Nililiona gumu kuliko mengine, lakini nilikuwa nimefundisha watoto wengi kwamba anayeungama nusu amebaki na dhambi nzima. Sekreteri alisimama akaomba msamaha pia. Mkurugenzi alisimama baada yake, akasema maneno machache na mazuri.

Mama alisimama nyuma, karibu na mlango.

"Nimesikia," alisema. "Aksanti. Lakini kule nyumbani hawakusikia. Neno la kuniita mwizi lilifika Lac Vert bila kulipa pikipiki. Hili lingine nani atalipeleka?"

"Nitalipeleka mimi," nilisema.

Jumapili baada ya misa nilikwenda. Nilichagua saa ambayo wanaume wako nyumbani. Shemeji yake alikuwa ameketi kwenye benchi mbele ya nyumba, kwenye ua wa mawe meusi aliyoyasawazisha mwenyewe, kwa kuwa kazi yake ni kupasua mawe ya volkano. Mikono yake ilikuwa mizito, na hakuinuka. Katika mlango wa chumba cha nyuma niliona vitu vya mama vimefungwa katika shuka, na watoto wawili wameketi juu yake wakiwa wamevaa nguo zao za misa.

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Sikuficha jambo. Dada mtu alitoka na sufuria mkononi, akasikiliza akiwa kwenye kizingiti. Nilipofika kwenye mfuko na matanga, hakuna aliyecheka.

"Kwa hiyo ni wewe, muzee," shemeji alisema.

"Ni mimi."

"Muzee wa kanisa."

"Ndiyo."

Alisugua vumbi la mawe kwenye kiganja. Kisha akaniuliza, "Na kama ile mashini haingepatikana? Kama yule binti hangesoma ile daftari ya mtandao? Leo ungekuwa unasema nini?"

Nilikuwa nimekuja na maneno juu ya maongozi ya Mungu, na jinsi anavyoufunua ukweli kwa wakati wake. Bado nayaamini. Lakini hayakuwa jibu la swali lake.

"Leo ningekuwa bado ninamshauri aungame," nilisema. "Kwa upole. Na ningerudi nyumbani nikidhani nimefanya kazi nzuri."

Mama alikuwa ametoka chumbani, amesimama nyuma ya watoto wake. Shemeji alimtazama, akawatazama watoto waliokalia mzigo.

"Musikae juu ya vitu vya mama yenu," aliwaambia. "Mutavivunja. Vifungueni, muvirudishe ndani."

Kisha akasogea upande mmoja wa benchi, bila kunitazama, na akapigapiga ubao kwa kiganja chake ili niketi.